Taa ya Namoru Haioni Pikipiki

Jumatatu, 17 Machi

Nimenunua kaunta buku hii nene leo saa tano nikiwa na hasira, maana mtu hanunui daftari kubwa namna hii kwa furaha.

Mimi ni Nakaale, mwenyekiti wa steji ya bodaboda ya darajani hapa Kakuma. Wanachama arobaini na watatu, wanaume thelathini na tisa, na walinichagua mimi. Naendesha Boxer nyekundu mwaka wa tisa sasa, na sijawahi kumwangusha abiria. Hilo liandikwe kwanza.

Daraja letu la laga ya Namoru, mto wa msimu, lilibebwa nusu na maji mwaka jana. Kampuni ya ujenzi ikaweka daraja la chuma la muda, jembamba, linapitisha gari moja tu. Kuna kona, kwa hiyo aliye huku hamwoni aliye kule. Wakaweka taa kila upande. Zote mbili hukaa nyekundu mpaka gari lifike. Chini ya lami kuna kitu kinachohisi gari, na likihisiwa taa ya upande wake hugeuka kijani. Vizuri sana, kwa gari. Pikipiki ikifika, taa inakaa nyekundu. Unangoja, jua linakuchoma, taa iko pale pale. Ukiwa na bahati litakuja lori nyuma yako likufungulie, na dereva akuangalie kama umeomba lifti.

Leo injinia wa hizo taa alikuja kuzikagua. Anaitwa Aukot, kijana wa Lodwar, kofia ngumu nyeupe na miwani ya jua. Mturkana mwenzangu, lakini alinisalimia kwa Kiingereza. Nikamjibu ejok, salamu ya kwetu, kisha nikamweleza shida yetu.

"Mama, mtambo unafanya kazi," akasema. "Nyinyi ndio hamjui kusimama."

"Sisi? Barabara hii tumeipita kabla wewe hujajua kufunga viatu."

"Una data?"

"Nina nini?"

"Data, mama. Pikipiki ngapi, siku gani, dakika ngapi. Bila hiyo, hayo ni malalamiko tu."

Akapanda gari lake, taa ikamfungulia, akaenda zake.

Nina miaka thelathini na sita. Mama, mimi? Haya. Data ataipata mpaka aikimbie.

Jumanne, 18 Machi

Pikipiki 27 zilizofika bila gari. Zilizofunguliwa na taa: sifuri. Vumbi.

Jumatano, 19 Machi

Pikipiki 34. Sifuri.

Ijumaa, 21 Machi

Steji imeamua kwamba taa ni mizani. Na kwa nini isiwe? Barabara hii kila kitu kinapimwa. Malori yanapimwa, mbuzi wanapimwa sokoni, watoto wananing'inizwa kliniki wanapimwa. Basi chini ya lami kuna mizani, na sisi ni wepesi. Na mimi niliamini, siandiki uongo humu.

Tukamtafuta mtu mzito kuliko wote Kakuma, Mwalimu Stephen. Alitutajia kilo zake mwenyewe bila aibu: mia moja na kumi na nane. Nikampakia, na gunia la mahindi mbele yangu kwenye tangi. Springi za Boxer zililia. Tukasimama mbele ya taa. Nyekundu.

"Turuke kidogo," Mwalimu akasema.

Tukaruka. Mwalimu, mahindi, mwenyekiti, sote tunaruka juu ya pikipiki iliyosimama saa nne asubuhi. Wanawake waliokuwa wanatoka kuchota maji walicheka mpaka mmoja akaketi chini. Nyekundu.

Pikipiki 29. Sifuri.

Jumatatu, 24 Machi

Mawingu yanakaa upande wa Uganda, hayaji. Pikipiki 31. Sifuri.

Ijumaa, 28 Machi

Kikao cha steji. Nilipanda juu ya kreti ya soda ili wanione wote. Nikawaambia tumevumilia vya kutosha, sisi si ng'ombe wa kufungiwa boma. Kisha likanitoka lenyewe, sijui nililitoa wapi: "Taa isiyokuona, na wewe usiione!"

Wueh! Makofi, honi, vifijo. Awan, mmoja wetu anayependa maneno matamu, alilirudia mara tatu kwa sauti.

Koang peke yake ndiye aliyeinua mkono. Huyu ni Msudani Kusini wa kambi ya wakimbizi, mrefu, mpole, na ndiye mwendeshaji mwangalifu kuliko wote hapa ukinitoa mimi. Akauliza, "Dada Mwenyekiti, na kama lori iko kwa kona?"

"Utasikia injini," nikamjibu. "Si uko na masikio?"

Watu wakacheka. Koang naye akacheka, akaketi. Leo nimerudi nyumbani najiona mkubwa kweli.

Alhamisi, 3 Aprili

Koang amevunjika mguu.

Alifika kwenye taa saa tisa, peke yake, namshukuru Mungu hakuwa na abiria. Awan alikuwa pale na anasema alingoja dakika ishirini na tano. Upepo ulikuwa mkali, matone mazito yameanza. Kisha akafanya walivyofanya wote wiki hii: akapita. Lori la mchanga lilikuwa limepewa kijani upande wa pili. Walikutana katikati ya daraja, mahali pasipo na pa kukimbilia. Dereva alikanyaga breki kwa nguvu zake zote, chuma kilikuwa kimelowa, lori likateleza. Koang alijirusha kwenye reli. Mwili ulipona, mguu ukabaki kati ya reli na pikipiki.

Nilipofika, dereva wa lori alikuwa amekaa chini analia, mtu mzima wa kutoka Kainuk huko. Pikipiki ya Koang ilikuwa chini ya tairi, imekunjwa kama karatasi. Yeye walikuwa wamemlaza pembeni.

Na mimi nilifanya nini? Nilimpigia kelele. Mbele ya watu. "Kwa nini hukungoja? Ungengoja tu, Koang!"

Akanitazama. Hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo limenikosesha usingizi. Akasema, "Sikusikia injini, dada. Ni upepo."

Ijumaa, 4 Aprili

Hospitali. Wamemtia vyuma mguuni, miezi mitatu hatapanda pikipiki, labda zaidi. Mkewe Nyabol alikuwa ameketi kando ya kitanda anamlisha uji kwa kijiko. Niliingia na sukari na maziwa, na maneno niliyoyapanga njiani kuhusu kampuni, injinia na taa yao mbovu.

Nyabol hakuinua sauti. "Ni wewe ulimwambia apite."

Jibu nilikuwa nalo. Mimi sikosi jibu, ndiyo maana nilichaguliwa. Niliweka maziwa na sukari kando ya kitanda, nikatoka.

Jumamosi, 5 Aprili

Leo sina la kuandika. Si kweli, ninalo.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimeitisha kikao tena. Sikupanda kreti. Nikasema, "Nilikosea." Neno hilo sijawahi kulitamka stejini miaka tisa, na lilitoka kama jino. Nikasema tena ili wa nyuma wasikie. Sheria mpya: hakuna anayepita nyekundu. Anayepita ananiletea koti lake la kazi na hana steji.

"Mwenyekiti ni kinyonga," mmoja akanong'ona.

"Ndiyo," nikamwambia, "na kinyonga hafi darajani."

Ili wasiseme nawatuma tu, nikaenda mwenyewe kwenye taa, nikasimama juani bila gari nyuma yangu. Kwa saa nzima na dakika kumi na mbili. Midomo ilipasuka. Sikupita.

Jumatano, 9 Aprili

Pikipiki 31. Sifuri.

Lakini kuna jambo linaniudhi na lazima niliandike, kwa sababu nikianza kuchagua cha kuandika, data hii itakuwa takataka. Kati ya hizo 31, kumi na mbili hazikufika mbele ya taa kabisa. Wenyewe walisimama hatua ishirini nyuma, chini ya mti wa mgunga ulio kando ya barabara, kwa sababu ndipo penye kivuli. Wanazima injini, wanapiga gumzo, kisha wanalalamika taa haiwaoni. Awan ndiye mfalme wa hicho kivuli. Nikamwuliza taa itamwonaje huko. Akaniambia, "Si imewekwa juu kwa mlingoti? Kutoka juu inaona mbali."

Salaala.

Jumatatu, 14 Aprili

Tangazo limebandikwa kwenye nguzo ya daraja, limepigwa muhuri wa wakubwa wa Lodwar. Kwa sababu ya ajali na ukaidi wa bodaboda, kuanzia Jumatatu tarehe 2 Juni pikipiki zote ni marufuku darajani. Zipite lagani.

Lagani! Aliyeandika hivyo amekaa chini ya feni. Laga ya Namoru leo ni mchanga mkavu ambao gurudumu linazama nusu, na kesho ni mto. Maji yake hayapigi hodi. Mvua inanyesha milimani huko usikoiona, jua limekuwakia kichwani, na kabla hujageuza pikipiki yamekufika kifuani. Na sisi ndio tunaobeba wajawazito wa ng'ambo, wagonjwa, watoto wa shule, unga. Nikitii tangazo, nitamzika mtu kabla ya Agosti. Nikilikataa, tutafukuzwa barabarani wote arobaini na watatu.

Nimebakiwa na wiki saba za kuifanya taa ile ituone.

Jumatano, 16 Aprili

Lodwar. Nimeondoka alfajiri, nimefika ofisi ya Aukot nikiwa rangi ya vumbi. Nikaweka daftari mezani kwake, puu. "Data."

Alilifungua kama mtu anayefungua sufuria ya jirani. Akasoma. Akageuza ukurasa, akavua miwani, akarudi mwanzo. Nikaanza kunenepa kwenye kiti. Kisha akaweka kidole.

"Hapa umeandika kumi na wawili walikuwa kivulini."

"Ndiyo."

"Si nilikuambia? Hamjui kusimama!"

Ningeweza kumtafuna. Mkono wangu mwenyewe ndio umempa fimbo. Lakini nilijikaza. "Nimeandika kwa sababu ni kweli. Sasa na wewe sema la kweli. Hao kumi na tisa waliosimama mbele ya taa, mbona haikuwaona?"

Akazihesabu tena kwa kidole. Akatafuta neno la Kiingereza, akaliacha.

"Nitakuja kuangalia, Mwenyekiti," akasema.

Sikufungua mdomo mpaka nje. Nje nikacheka peke yangu hadi askari wa getini akaniuliza kama niko sawa. Mwenyekiti!

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Mvua. Kanisani tuliimba bila kusikiana kwa kelele ya mabati.

Jumamosi, 26 Aprili

Laga imeshuka na maji ya milimani leo saa sita, jua linawaka, hapa hakujanyesha tangu jana. Mzee Lomorukai wa Lopur alikuwa anavusha mbuzi wake. Kumi na mmoja wamechukuliwa. Nilimkuta ukingoni anawataja mmoja mmoja kwa majina na rangi zao, na watu wamesimama naye.

Alipomaliza akaniona. "Mbuzi wangu wanaijua hii laga toka kwa mama zao," akasema. "Hiyo pikipiki yako inaijua?"

Zimebaki wiki tano.

Jumanne, 29 Aprili

Leo! Ngoja nitulie niandike kwa mpangilio.

Tangu watu waanze kungoja kwenye taa, Nyabol anawauzia chakula pale, maana Koang hafanyi kazi na anayengoja ana njaa. Anapika kisra, ule mkate wao mwembamba, juu ya sahani bapa ya chuma, pana kama sinia. Kila asubuhi mimi ndiye ninayembeba, na silipwi, na hatuongei sana. Ananiambia asubuhi njema, namjibu, basi.

Leo tumefika, hakuna gari, hakuna mtu. Nikasimama mbele ya taa. Nyabol akashuka, mzigo ukalegea, akaiweka ile sahani chini kwenye lami ili aufunge upya.

Taa ikageuka kijani.

Nikageuka nyuma kutafuta lori. Hakuna lori. Barabara nyeupe mpaka inakoishia.

"Nyabol," nikasema, "umefanya nini?"

"Sijafanya kitu!" Akaiokota sahani haraka kama aliyeshikwa anaiba.

Tukangoja. Taa ikarudi nyekundu. Nikamwambia aiweke tena pale pale. Akaiweka. Kijani! Akaiinua. Tukangoja, nyekundu. Akaiweka. Kijani! Mara sita tumefanya hivyo, na mara ya sita tulikuwa tumeshikana mikono tunaruka kama wasichana. Mara ya saba akaisimamisha kwa ukingo wake, kama gurudumu. Nyekundu. Ikasimama hivyo muda mrefu, nyekundu. Akailaza. Kijani!

"Basi si uzito," Nyabol akasema.

Si uzito! Sahani ile haifiki kilo mbili, na Mwalimu Stephen aliruka na mia moja na kumi na nane zake. Ni chuma, na lazima kilale. Naandika hapa kwa kalamu nzito, asije mtu baadaye akasema vingine: aliyegundua ni Nyabol, mke wa Koang.

Aliponipa kisra leo hakutaka pesa. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Koang anauliza kwa nini huendi kumwona."

Nimetoka kwake sasa hivi. Tumecheka sana habari ya Mwalimu.

Ijumaa, 2 Mei

Aukot amekuja kama alivyoahidi. Nyabol akamwonyesha sahani. Kijana wa watu akachutama juani, akavua kofia, akaitazama ile sahani kama daktari.

Alipoanza kueleza kwa Kiingereza nikamkatiza. "Sema tuelewe wote. Huyu mama ndiye aliyegundua, na yeye asielewe?"

Akaeleza. Kwenye lami kuna mstari mweusi, umbo la sanduku, nilidhani ni kiraka. Kumbe chini yake kuna waya umezungushwa, una umeme kidogo. Chuma kikija juu yake, umeme unatikisika na mtambo unajua. Gari lina tumbo pana la chuma lililolala. Pikipiki ni nyembamba na imesimama, kama sahani ikiwa kwa ukingo. Na sisi kwa adabu zetu tunasimama katikati ya sanduku, pale pikipiki inapoonekana kidogo zaidi.

"Magurudumu yote mawili yakae juu ya mstari wenyewe," akasema. "Juu ya waya."

Nikajaribu. Nyekundu. Nikamtazama. Akakuna kichwa, akafungua kisanduku cha nguzoni. Ndani kuna kifungo chenye hatua nne za wepesi wa kuhisi. Kilikuwa hatua ya kwanza, ya chini kabisa.

"Aliyekiweka hapo ni nani?"

"Mimi. Niliogopa lori linalotoka darajani lisije likahesabiwa kama linaloingia."

"Na pikipiki mlijaribu ngapi?"

"Hata moja," akasema. Akasema kwa Kiturkana, polepole, tukasikia wote.

Sikumcheka. Najua inavyouma kung'oa hilo jino.

Mzee Lomorukai alikuwa amesimama na ngamia wake anasikiliza. "Na huyu je, itamwona?"

"Ngamia hana chuma, mzee."

"Basi nimvalishe sufuria?"

Aukot alicheka mpaka akashika nguzo. Ndipo nikaona kumbe ana meno kama ya watu.

Jumatano, 7 Mei

Hatua ya tatu: pikipiki zinaonekana zote, lakini lori likitoka darajani nalo linaonekana, taa inafunguka bure, watu wa ng'ambo wanangoja hewa. Haifai.

Alhamisi, 8 Mei

Hatua ya pili. Malori yanayotoka hayaonekani, 22 kati ya 22. Pikipiki, 7 kati ya 10. Aukot na mimi tumeketi juu ya mawe siku nzima, yeye anaangalia kisanduku, mimi naandika. Tumegundua zile tatu zilikuwa nje ya mstari kwa upana wa kiganja.

Ijumaa, 9 Mei

Amepaka rangi nyeupe juu ya mstari wa waya, unene wa gurudumu. Pikipiki 10 kati ya 10. Nimeandika kumi mara mbili, kwa sababu naweza.

Jumatano, 14 Mei

Wakubwa wa Lodwar hawataki daftari. Wanataka kuona kwa macho. Watakuja tarehe 27. Masharti: pikipiki moja watakayoichagua wao, mara kumi mfululizo, bila mtu kumwelekeza mwendeshaji. Ikifaulu, marufuku inaondolewa. Ikishindwa, tarehe 2 iko pale pale.

Aukot anasema alibishana nao siku mbili kupata hata hilo. Amechoka usoni.

Alhamisi, 15 Mei

Sasa vita ni na kivuli. Mstari mweupe uko juani na mgunga uko kule kule. Nimekaa chini ya mgunga na fimbo. Anayesimama hapo namwondoa kwa jina la baba yake.

Jumatatu, 19 Mei

Awan ameniambia namwonea. Nimempeleka mstarini mara thelathini, mbele, nyuma, mbele, nyuma. "Hata mbuzi amejifunza sasa," akalia. Nikamwambia bado mbuzi anamshinda.

Jumamosi, 24 Mei

Laga imeshuka mara mbili leo. Joto. Pikipiki 38. Thelathini na nane.

Jumanne, 27 Mei

Walikuja na magari matatu. Mkubwa wao ni mama mfupi mwenye sauti ndogo ambayo wote wanaiinamia. Steji nzima tulikuwa pale, makoti yamefuliwa. Koang alikuja kwa magongo, Nyabol kamshika. Magari yalizuiwa pande zote mbili.

Yule mama akapita kwenye foleni yetu anatazama pikipiki, akatafuta iliyo ndogo na kuukuu kuliko zote. Akaelekeza kidole.

Ya Awan.

Kati ya watu arobaini na watatu! Nilikunja mikono nyuma ili nisije nikamwonyesha kitu. Aukot alikuwa kando yangu, nikasikia anavuta pumzi.

Ya kwanza, kijani. Ya pili, ya tatu, kijani. Awan anavuka, anageuza, anarudi, anasimama upya. Jasho linamchuruzika shingoni na hapangusi. Ya saba. Ya nane. Watu walikuwa wameacha kuhesabu kwa sauti.

Ya tisa, nyekundu.

Tukangoja. Nyekundu. Yule mama akatazama saa yake. Kutoka niliposimama niliona kabisa: gurudumu la nyuma lilikuwa limetoka nje ya rangi. Ningesema neno moja tu. Hata kukohoa. Na ningekohoa mtihani ungekufa, na mimi ndiye ningekuwa nimeuua, kwa mdomo wangu mara ya pili. Niliuma ulimi hadi nikasikia chumvi. Koang alikuwa amefumba macho.

Awan hakutugeukia. Alitazama chini mbele, akatazama chini nyuma. Akashuka, akainua mkia wa pikipiki kwa mikono miwili, akaurudisha juu ya mstari taratibu kama anayemlaza mtoto, akapanda tena, akaketi wima.

Kijani.

Ya kumi, kijani.

Yule mama mfupi akauliza, "Nani amewafundisha?"

Nilikuwa nimeshafungua kinywa, sijui ningesema nini, pengine jina langu. Awan akaniwahi. "Ni Mwenyekiti," akasema kutoka juu ya pikipiki. "Na mama Nyabol alijua siri yake kwanza. Na injinia akaitengeneza."

Mama akaandika majina yote matatu. Akatia sahihi karatasi juu ya boneti ya gari, na Aukot akalichana lile tangazo nguzoni yeye mwenyewe, vipande vinne. Nililia, ndiyo. Mbele ya steji yangu yote. Nikampiga Awan kofi la mgongo, akapaliwa.

Jumatano, 28 Mei

Nimelala hadi saa tatu.

Jumanne, 3 Juni

Koang ana kliniki ng'ambo leo. Nilimpakia mimi, magongo kayashika mbele yetu kama bunduki. Tangu ile siku hajalipita daraja juu ya pikipiki, nami sikumwuliza kama anaogopa. Niliuhisi mkono wake umeshika koti langu.

Asubuhi ilikuwa tupu, sisi peke yetu barabarani. Nikaweka magurudumu yote mawili juu ya mstari mweupe. Nikahesabu nne. Kijani.

Tulipofika kwenye kona ya daraja tukaliona. Upande wa pili, nyuma ya taa nyekundu, lori la mchanga, limejaa pomoni, magurudumu kumi na mawili, limesimama. Dereva kalaza kiwiko dirishani, anatuangalia tukija.

"Dada," Koang akasema sikioni mwangu, "linangoja nani?"

"Linatungoja sisi."

Kisha nikausikia mkono wake ukiachia koti langu, akakaa wima nyuma yangu, urefu wake wote. Tukapita mbele ya lile lori kwa mwendo wetu wa kawaida.